Bonde la Mafunjo

Caren alisimamia miti ya mji wa Migori. Mwaka wa 1997, kabla mvua za Elninyo hazijaanza, alipewa ruhusa ya kuchimba upande wa chini wa bustani ya mji. Kila mvua iliponyesha, maji ya barabarani yalipita hapo yakaingia sokoni, ambako mumewe, Maurice, aliuza mitumba.

Vibarua walichimba bonde pana lisilo la kina kirefu. Wakamwaga kokoto na mchanga, kisha Caren akapanda mafunjo aliyoyatoa kando ya mto.

“Mama Levis, umetufugia mbu hapa,” Maurice alimwambia. “Si ungejenga mtaro wa simenti?”

“Mtaro utakuletea maji mbio zaidi, Baba Levis. Mimi nataka yakae hapa, udongo uyanywe.”

Mvua kubwa ilishuka Ijumaa mchana, soko likiwa limejaa watu. Caren alivua viatu akakimbilia bustanini. Maji mekundu yaliruka barabara, yakajitupa bondeni kwa kishindo. Mafunjo yakalala, yakazama, kisha vichwa vyake vikaibuka tena. Maji yakaanza kuzunguka polepole. Yalikuwa yanatulia, kama alivyotaka.

Ghafla ukingo wa upande wa soko ukameguka.

“Baba Levis, njoo! Unabomoka!”

Maurice alipanda mbio na robota la nguo begani. Alilitupa penye ufa, akalikalia. Nyuma yake akaja Pamela, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na wanawake wengine wakiburuta magunia ya mchanga.

“Sukuma hapo, shemeji, usiinuke!” Pamela alimwambia Maurice, huku akicheka na matope yakimtiririka usoni.

Walijaza, wakakanyaga, wakajaza tena. Ukingo ukashika. Caren alitazama chini sokoni: watu walikuwa wamejikinga chini ya mabati, na katikati ya vibanda hapakupita mkondo wowote. Alimkumbatia Pamela, wakarukaruka kwenye matope kama watoto.

Jumapili, baada ya kanisa, Maurice alileta majirani bustanini. Maji yalikuwa yameingia ardhini, na kwenye kokoto ulibaki unyevu tu.

“Yalifika hapa,” aliwaambia, akigusa kiuno. Kisha akamgeukia mkewe. “Sasa Mama Levis, tukichimba bonde lingine kule juu, karibu na steji ya matatu?”

Caren alikuwa ameshaanza kupanda kwenda kupaangalia.