Kufuli la Zizi

Ng'ombe wa Vedasto alipopotea, kijiji kizima cha Qurus hakikumtafuta ng'ombe, kilimtazama Lembris.

Lembris alikuwa bado ananyonya pale mama yake, Mmasai wa Ngorongoro, alipofia zahanati. Cresensia, aliyelazwa kitanda cha jirani, akamchukua akamlea. Kijana alikulia kwenye mahindi na maharage, akaimba kwaya kanisani, na Kimasai hakujua hata neno la kuombea maji. Lakini watu wa Qurus bwana, damu wanaiamini kuliko macho yao, na damu ya Kimasai kwao ni ya wizi wa ng'ombe.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema Vedasto, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," Cresensia akamjibu. "Na huyu nimemlea mimi."

Lembris akajiona mtu. Jioni akaenda kufunga zizi la nyumbani kama kawaida yake, akakuta kufuli jipya. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga ya mama, umepigwa fundo.

Kulipokucha akapanda Ngorongoro kutafuta watu wa damu yake. Aliuliza boma kwa boma mpaka akampata mjomba wake, mzee Mepukori. Kwa furaha akamnyooshea mkono. Masikini! Hakuwa amepitia jando lao. Mbele ya mzee, asiyepitia alitakiwa kuinamisha kichwa, aguswe utosini. Mkono ukabaki hewani.

"Ormeek," mzee aliwaambia wenzake, kisha akamgeukia Lembris bila ubaya wowote. "Yaani mtu wa nje. Karibu chai, mgeni."

Akanywa chai, akashukuru, akashuka. Njia nzima hakuwa na wa kumkimbilia wala wa kumkasirikia, na upweke huo ulimuuma kuliko maneno ya Vedasto.

Alipofika Qurus, ng'ombe alikuwa ameonekana korongoni, mguu umevunjika. Vedasto anacheka tu, eti mambo ya dunia. Cresensia akamkumbatia mwanawe huku analia, akafungua fundo, akampa ufunguo.

"Nisamehe, mwanangu. Nenda kafunge."

Akaenda, akafunga, akarudi na kumnyooshea ufunguo.

"Kaa nao, mama. Siku akipotea ng'ombe mwingine, wasiseme ufunguo ulikuwa kwangu."

Alitaka mama akatae. Alitaka mno.

Cresensia akaupokea, akaupiga fundo tena kwenye pindo.