Raisa wa Bwaise, Laisa wa Owino

Mimi nauza nyuzi, zipu na vifungo mtaani Bwaise. Wasim anauza vitu vya aina hiyo soko la Owino, katika duka jingine la tajiri wetu, na sijawahi kumpenda. Duka lake ni kavu. Langu, mvua ikinyesha, maji yanaingia hadi chini ya kaunta, na bado Raisa, fundi cherehani, alikuwa akinijia na viatu mkononi. Hilo ndilo lililonipa moyo. Mtu havuki maji machafu ya Bwaise kwa ajili ya zipu tu. Nilikuwa najiandaa kumposa.

Mwaka huu tajiri alimleta Celestine, dada wa Kikenya, atutengenezee ghala la data. Niliposikia ghala, niliuliza funguo atashika nani. Wasim alicheka mpaka akatafuta kiti. Celestine alinieleza taratibu kwamba kila duka lilikuwa na mauzo yake kwenye kompyuta yake, na sasa yote yatakusanywa, yasafishwe, yawekwe mahali pamoja, ili tajiri akiuliza swali moja ajibiwe na maduka yote.

Siku ya kutuonyesha, tajiri aliuliza mteja wake mkubwa ni nani. Celestine akasema mteja huyo alikuwa amejificha. Bwaise anaandikwa Raisa, Owino anaandikwa Laisa, kwa kuwa karani wa kule R humtoka L. Namba ya simu ni ileile. Akayaunganisha majina, na pale ukutani, alipokuwa akimulika kompyuta yake, akatokea mwanamke mmoja. Kwangu ananunua nyuzi na zipu za sare za shule. Kwa Wasim ananunua lesi na hariri.

Tajiri alifurahi, akasema apunguziwe bei kote kuwili. Nilimtazama Wasim. Hakushangaa hata kidogo.

Kwangu sare, kwake hariri. Mengine waliyosema sikuyasikia.

Raisa alipokuja dukani, nilimwuliza hata kabla ya salamu anafuata nini Owino.

"Lesi. Wewe huna."

"Ungesema, ningeagiza."

"Bwana Tajudin, unaniuzia au unanichunga?"

Nikamwambia Wasim ni mtu wa maneno matamu, hata futikamba yake ya kupimia lesi ameikata ili apunje wateja. Alicheka, akasema huenda ni kweli.

"Lakini wewe miaka yote unaniuliza rangi ya uzi," akasema. "Wasim ameniuliza posa inapelekwa kwa nani."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba baba alishafariki, aende kwa kaka yangu Rayyan, anayekaa Kyebando. Amesema atakwenda Ijumaa."

Nilimwuliza kama Rayyan hushinda nyumbani. Alifungua mkoba, akalipa, akazikunja zipu zake vizuri.

"Leo yupo," akasema.

Nilishusha mlango wa duka wateja wengine wakiwa bado wamesimama nje.