Gesi Haina Shemeji

Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Kituo cha gesi ya magari, kimoja tu mji mzima, mashine yake ya kusukumia ilikufa. Wakatundika kibao: Tunaomba radhi. Radhi haiendeshi gari.

Wakubwa ndio waliotuingiza humu. Walikuja na vipaza sauti, wakaapa vituo vitaota kama uyoga. Fundi aliponifungia mtungi alinionya, "Mzee, tangi la petroli liache." Nikaling'oa. Mtungi ukikaa kwenye buti, mzigo wa abiria utakaa wapi? Nikataka ukae chini, lilipokuwa tangi. Niliwaamini wakubwa, mimi ambaye mama watoto wangu alifia mlangoni akisubiri gari la hospitali lisilo na mafuta! Gari la gesi nililitaka kwa sababu hiyo: linakula kidogo, halilali njaa, na mwanangu asije akasubiri kama mama yake.

Alhamisi asubuhi mkunga akampima binti yangu mjamzito. Mtoto amekaa vibaya. Hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima, leo hii. Nikawasha gari. Taa za kipimo cha gesi ni nne, ikawaka moja. Taa moja haipandi mlima. Wenye teksi za petroli nao walikuwa wamepandisha nauli hadi mawinguni.

Nikampakia binti, nikalikokota gari mpaka kwa fundi. Pale gari la dereva mwenzangu, Kipara, lilikuwa juu ya mawe, klachi imefumuliwa, mtungi umejaa pomoni.

"Mzee Gesi!" Kipara akanicheka. "Si ulisema petroli ni ya wazembe?"

"Nicheke kesho, ndugu yangu. Leo nina mgonjwa."

Akamwona binti, kicheko kikamwishia. "Fundi, lete bomba."

Fundi akatushusha wote, akazima simu zetu kwa mkono wake. Akaunga bomba mtungi kwa mtungi, akalegeza koki. Ukasikika mluzi mwembamba. Halafu, wallahi, jua likituchoma utosi, lile bomba likaota barafu! Nyeupe, kama sukari. Tukainama wote kulitazama. Kitu kisicho na rangi, kilicholala chini ya ardhi kabla ya babu wa babu zetu, kilikuwa kinapita mbele ya macho yetu, kinatoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Hakuna aliyekiamuru.

Mluzi ukakata.

"Mbona imekoma?" nikauliza.

"Imelingana," fundi akasema. "Ilivyo kwako ndivyo ilivyo kwa Kipara."

"Nani kaipima?"

"Yenyewe."

Nimeona wakubwa wakigawa unga, wakigawa mabati. Kila mara jamaa zao ndio wa kwanza. Mgawo kama huu sijapata kuuona. Gesi haina shemeji.

Taa mbili zikawaka, ya tatu ikapepesa. Inatosha kwenda, ng'ambo kuna kituo. Nilikuwa nimeshika usukani pale gari jingine la gesi liliposukumwa ndani, mama amepakata mtoto anayetetemeka kwa homa, hata taa moja haiwaki.

Binti akageuka, mkono tumboni.

"Baba, kilichobaki kwa Kipara kikigawanywa tena, watapata taa moja tu. Itawavusha mlima?"