Tokeni ya Pili

Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka sabini na nne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Gaudens alikuwa amesimama kwenye ukingo wa stesheni ya Dar es Salaam, mkono wa kulia juu, ameshika kitanzi cha waya chenye mfuko wa ngozi, na ndani ya mfuko ule mlikuwa na tokeni. Dereva wa treni ya abiria akatoa mkono dirishani, akakinyakua kitanzi bila hata kumtazama. Mabehewa yakapita moja moja. Kwenye dirisha la behewa la tatu alikuwepo Josepha, mkewe, na magunia mawili matupu mapajani. Alikuwa anaenda Kimbugu kutafuta mihogo, maana wiki ile Kariakoo unga ulikuwa wa kusikia tu. Akamwambia asisahau kuanika godoro. Hakumwambia neno jingine.

Dakika ishirini na tano baadaye treni ile ikavaana uso kwa uso na treni ya mizigo iliyokuwa inatoka hukohuko Kimbugu. Walikufa watu kumi na tisa. Josepha alitambuliwa kwa kanga.

Asiyeijua reli atasema ajali ni ajali. Gaudens aliijua. Shule aliiacha darasa la pili kwao Kibosho, lakini reli aliisoma kwa mikono yake miaka kumi na sita. Kati ya stesheni ya mjini na Kimbugu njia ilikuwa moja tu, na treni ni za kwenda na za kurudi. Kwa hiyo wazee waliojenga reli waliweka masanduku mawili mekundu ya chuma, moja huku na moja kule, yakaunganishwa kwa waya wa umeme. Ndani yake mlipangwa tokeni, vibao vya shaba vya duara, ukubwa wa kisosi, kila kimoja na namba yake na majina ya stesheni zote mbili. Dereva asiyekuwa na tokeni mkononi haingii njiani, hata nyuma yake apande nani. Na tokeni moja ikishatoka, iwe huku au kule, masanduku yote mawili yanajifunga. Ya pili haitoki mpaka ile ya kwanza irudishwe. Haihitaji mtu mwerevu. Haihitaji hata mtu mwaminifu.

Lakini betri za masanduku zilikufa tangu Juni, na bila umeme tokeni haitoki hata moja. Pantaleo, stesheni masta, aliandika barua akachoka. Akajibiwa fedha za kigeni hakuna. Fedha za kigeni za kununulia magari ya wakubwa zilikuwepo, bwana, za betri nne ndizo hazikuwepo. Agosti Gaudens akaenda likizo. Aliporudi alikuta tokeni moja inaning'inia kwenye msumari ofisini, nje ya sanduku, namba nne. Alipouliza, Pantaleo akamjibu kwa sauti ndogo kwamba ni amri ya juu: moja imetolewa huku, nyingine imetolewa kule, treni zisicheleweshe taifa. Kabla ya kumpa dereva, wapigiane simu kwanza.

Yaani mlango mmoja ukapewa funguo mbili, na ulinzi ukaachiwa simu. Alhamisi ile simu ilikuwa inakoroma. Pantaleo akaipigapiga, akatazama saa, akasema, "Peleka." Gaudens akapeleka.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Ikaandika kwamba tokeni namba nne ilikutwa kwenye mabaki ya treni ya abiria, na aliyeitoa ni Gaudens. Kuhusu treni ya mizigo ikaandika kwamba dereva wake, marehemu, aliingia njiani bila tokeni, kwa sababu haikuonekana. Pantaleo alitia sahihi, akahamishiwa Kigoma. Gaudens akafukuzwa kazi, akatolewa nyumba ya reli pale Gerezani, akapanga chumba Mtaa wa Narung'ombe.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama ni la msibani. Walipomzika Josepha kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Kibosho, Polycarp, kaka wa marehemu, alimvuta pembeni kwenye migomba akamuuliza taratibu tu, kama mtu anayeuliza njia: "Shemeji, tunasikia wewe ndiye uliyewapa ruhusa. Ni kweli?" Gaudens akachukua koti lake, akashika njia. Tangu siku hiyo hakukanyaga Kibosho, na kaburi la mkewe likawa linapaliliwa na watu wengine. Alichokuwa anakitaka sasa ni kimoja: karatasi yenye mhuri inayosema si mkono wake.

Maneno hakuwa nayo, kwa hiyo akaanza kutengeneza. Alichukua makopo mawili ya samli, akayapaka rangi nyekundu, akayaunganisha kwa waya wa breki ya baiskeli. Ndani akaweka ulimi wa bati, na vijiti badala ya tokeni. Ukivuta kijiti kopo la huku, waya unavuta ulimi kule, na vijiti vyote vilivyobaki vinabanwa. Reli akazitengeneza kwa mbavu za mwavuli, treni kwa makopo ya samaki. Ilimchukua mwaka mzima.

Vifaa alipewa na Ubeid, Mwarabu wa bawaba na makufuli, ambaye kibaraza cha duka lake ndicho kilichokuwa karakana. Ubeid alikuwa hana simile. Kila mteja akiingia alimwonyesha: huyu bwana mzima ana mvi, mtazame, anaendesha treni ya dagaa. Mahamali nao wakaja, wakatua mizigo, wakajaribu kuvuta vijiti viwili kwa pamoja. Mmoja alivuta mpaka akatoa jasho. Ubeid akamwambia angekuwa na bidii hiyo kubeba mizigo yake angekuwa tajiri. Lakini kijiti hakikutoka, na Ubeid akaacha kucheka.

"Sasa zile treni mbili zilipitaje?" akauliza.

Gaudens akamweleza. Ubeid akaingia ndani. Alirudi na kipande cha shaba alichokuwa anazuilia mlango usigongwe na upepo. Alikinunua ndani ya gunia la chuma chakavu, kwa mtu wa kupita ambaye hakumuuliza jina. Gaudens hakuwa msomaji, lakini maandishi yale aliyajua kama anavyoijua sala. DAR ES SALAAM – KIMBUGU. Namba kumi na moja. Pembeni ilikuwa imepinda, na kwenye mpindo kulikuwa na masizi.

Ilikuwa ile ya kule, ya treni ya mizigo, iliyosemwa haikuonekana.

"Chukua," Ubeid akasema. "Ila jina langu usilitaje, tafadhali sana. Mimi Mwarabu mwenye duka, na zama hizi unazijua. Wakisikia tu nina mali ya umma, kesho mlango huu una kufuli lao."

Gaudens akaapa kwa roho ya Josepha.

Rufaa yake ilisikilizwa Februari sabini na sita, kwenye ofisi moja ya reli Gerezani. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti wao mkaguzi aliyeitwa Ndugu Pius, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Gaudens akapanga makopo yake mezani. Wawili wakatazamana, wakabana kicheko. Akavuta kijiti kopo la kushoto, akamwomba Ndugu Mwenyekiti avute kile cha kulia. Ndugu Pius akavuta kwa vidole viwili, kisha kwa mkono, kisha akasimama.

"Hakitoki," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Ndivyo masanduku yalivyo, Ndugu Mwenyekiti. Ili zitoke mbili, lazima mtu afungue kufuli la sanduku aingize mkono. Mimi ufunguo huo sijawahi kuushika. Unakaa kwa wakaguzi."

Ndugu Pius akajibu kwa upole kwamba hakuna aliyesema zilitoka mbili. Ilitoka moja, namba nne, na inajulikana nani aliitoa.

Hapo Gaudens akaweka shaba mezani. Ililia kidogo, ikatulia. Watano wote wakainama kuisoma, na kwa muda kama wa kuhesabu kumi aliamini amekwisha shinda. Akauona mgomba wa Kibosho. Akamwona Polycarp anampa mkono.

"Umeipata wapi?" akauliza Ndugu Pius.

Gaudens akaanza kunyoosha waya wa makopo yake.

"Ndugu, nakuuliza. Mali hii ya shirika umeipata wapi?"

Akafikiria kibaraza, akafikiria kufuli. Akamfikiria Josepha, ambaye kwa roho yake aliapa. Akasema aliiokota. Wapi? Njiani. Lini? Hakumbuki. Mjumbe mmoja akaanza kuandika haraka haraka, na Gaudens akatambua kinachoandikwa. Aliwaletea ushahidi wa kosa lao, wakaupokea kama ushahidi wa wizi wake.

"Andikeni na hili," akasema. "Nani alifungua sanduku?"

"Kwenye kikao hiki maswali yanaulizwa na kamati," akasema Ndugu Pius, akaichukua tokeni namba kumi na moja, akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga.

Rufaa ikatupwa. Kwa wizi wa shaba walimsamehe, wakasema, kwa kuzingatia kwamba amefiwa. Huruma yao hiyo ilimuuma kuliko jela.

Alirudi kwa miguu, amekumbatia makopo yake. Mnazi Mmoja kulikuwa na mkutano, kipaza sauti kinasema kila mtu atimize wajibu wake, watu wanapiga makofi. Alipofika dukani hakumweleza Ubeid zaidi ya kumwambia asiogope, hakutajwa. Akayaweka makopo kibarazani, na hadi leo wapita njia wanasimama, wanavuta kijiti kimoja, wanajaribu cha pili, kinakataa.

Kila akija mgeni, Gaudens humweleza taratibu tangu mwanzo: njia moja, masanduku mawili, kufuli moja kila sanduku, ufunguo kwa wakaguzi. Kisha humuuliza lile alilowauliza watu watano, likabaki mezani pamoja na vumbi la makopo yake: nani alifungua sanduku?