Uzito wa Kurudi

Kuna watu hawakuumbiwa kusubiri, na huyu alikuwa kinara wao. Mtaani walimwita Motomoto. Alikuwa msambaza mikate, na mikate yake ilifika madukani ikiwa bado inaunguza vidole. Chai alikunywa kasimama, viatu alivaa huku anatembea, na ukimuuliza swali alikujibu kabla hujalimaliza. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amesimama kwenye gereji ya fundi umeme wa magari, mguu wake wa kulia ukitikisika wenyewe, akimtazama fundi anavyokunja mikono ya ovaroli. Alikunja mmoja, akautazama, akaridhika nao, ndipo akaanza wa pili.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, na wateja walimwita Haraka. Walimbandika jina hilo kwa kejeli, maana tangu afungue gereji yake hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha chochote, hata kula.

"Taa za ukungu," Motomoto alisema, akiweka boksi juu ya boneti ya kigari chake. "Mbili. Nimeshanunua. Bampa lina nafasi zake tayari, zimezibwa tu na plastiki. Nusu saa itatosha, sivyo?"

"Mchana litakuwa tayari," alisema Haraka.

"Mchana! Fundi, mimi leo ni lazima nifike huko juu mlimani kabla jua halijazama."

"Basi usinisimamie mgongoni."

Kuharakisha kwa Motomoto leo kulikuwa na sababu, tumtendee haki. Wiki tatu zilizopita alikuwa akitoka ukweni na familia yake, wanateremka mlima, ukungu ukawafunika. Mkewe alikaa nyuma na binti yao wa miaka sita, kwa sababu mtoto hutapika kwenye kona na lazima awepo wa kumshika. Mke alisema, punguza. Akasema tena, punguza. Motomoto akawasha taa kubwa na kukanyaga mafuta, akiwa na hakika kwamba wakitoka mapema kwenye ukungu ndiyo salama yenyewe. Kwenye kona moja gari lilipanda kingo ya barabara, likayumba, nusura watumbukie. Lilipotulia, mkewe alifungua mlango, akambeba mtoto, akarudi kwa mguu hadi kwa mama yake. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Mimi na mwanangu hatupandi tena gari lako kwenye ukungu."

Wiki tatu Motomoto aliligeuzageuza neno hilo, na katika neno zima alichosikia ni ukungu tu. Ndipo jana mama mkwe alipopiga simu. Alisema kwa upole, na upole wa mama mkwe huyu ulitisha kuliko ukali wa watu wengine: shule zinafunguliwa Jumatatu, mtoto hawezi kukaa bila shule, kwa hiyo baba yake aje Jumamosi kabla ya jua kuzama wazungumze. Asipokuja, au wasipoelewana, Jumatatu bibi atamwandikisha mjukuu wake kwenye shule ya huko huko.

Haraka alianza kwa kufungua waya hasi wa betri na kuusogeza kando. Akashusha bampa. Akatoa zile plastiki, akafunga vishikizo vya taa, akavitikisa kwa mkono, akavikaza tena. Motomoto alizunguka gari mara saba. Alipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Alitazama saa, akaitikisa, akadhani imesimama.

"Kwani huwezi kuziunga tu kwenye waya wa taa ndogo?" aliuliza. "Rafiki yangu aliungiwa hivyo, dakika kumi, kaondoka."

"Rafiki yako bado ana gari?"

"Analo." Motomoto alikuna kichwa. "Liliungua upande mmoja tu."

Haraka hakucheka. Alichukua rilei, kile kiboksi kidogo kinachopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye taa ili swichi isiungue, akaifunga mahali pakavu karibu na betri. Akaweka fyuzi. Akapitisha waya mbali na bomba la moshi, akaubana kila baada ya kiganja. Akatoboa nafasi ya swichi kwenye dashibodi. Motomoto aliona kila kibanio kinachofungwa kama kimefungwa shingoni mwake.

Saa saba na robo Haraka akarudisha waya wa betri, akabonyeza swichi, na taa mbili za manjano zikawaka.

"Hewaa!" Motomoto alidaka mlango wa dereva. "Nikupe hela yako niende."

"Hatujazilenga."

"Si zinawaka?"

"Hata tochi inawaka ukiielekeza machoni mwako mwenyewe. Ingia, kaa. Dereva naye anahesabiwa."

Haraka alishusha mlango wa bati wa gereji, giza likaingia, na mwanga wa taa ukakaa ukutani hatua tano mbele ya gari. Alichora mstari wa chaki, chini kidogo ya usawa wa taa, kisha akapiga magoti mbele ya bampa na spana yake. Akazungusha boliti. Mwanga ukashuka, ukapanda, ukacheza.

"Tuliza huo mguu," alisema. "Gari zima linatikisika."

Motomoto alijitahidi. Mguu ulitulia kwa muda wa kuhesabu tatu.

"Huko uendako unakwenda na nani?" Haraka aliuliza kutoka chini.

"Peke yangu."

"Na kurudi?"

Motomoto, bingwa wa kujibu maswali kabla hayajaisha, hakujibu. Haraka aliinua kichwa, akamtazama kupitia kioo.

"Sikuulizi mambo yako, mdogo wangu. Nauliza uzito. Gari dogo hivi likibeba watu nyuma, pua inanyanyuka na taa zinapanda. Taa ya ukungu ikipanda inaumulika ukungu wenyewe, mwanga unakurudia machoni, afadhali usingekuwa nayo. Sasa sema. Nizilenge kwa kwenda au kwa kurudi?"

"Lenga katikati."

"Katikati utaona vibaya kwenda na kurudi."

Motomoto alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Aliogopa, tuseme ukweli. Akisema kwa kwenda, ni kama ameshakubali kuteremka peke yake. Akisema kwa kurudi, atapanda mlima mzima taa zikimulika chini ya pua yake, na huenda akateremka nazo vile vile, kiti cha nyuma kitupu, aibu juu ya aibu.

"Kwa kurudi," alisema.

Haraka alikwenda kwenye kona zilikorundikwa betri mbovu. "Hizi ni kilo kumi na tano kila moja. Nani anakaa nyuma?"

"Mke wangu. Kilo sitini."

Zikaja betri nne, moja baada ya moja, zikapangwa kwenye kiti cha nyuma.

"Mwingine?"

"Binti yangu."

"Kilo ngapi?"

Motomoto alifungua mdomo. Kreti ya mikate alijua uzito wake ikiwa imejaa na ikiwa na nusu, hata umfunge macho. Lakini mtoto? Miaka sita amekuwa akitoka nyumbani mtoto hajaamka, na akirudi humpapasa kichwa anapopita. Alitafuta mikononi mwake kumbukumbu ya kumbeba, asiipate.

"Sijui."

"Kuna simu," alisema Haraka.

Kwa wiki tatu hakuwa amemwandikia mkewe hata neno moja, kwa kuwa alikuwa akitafuta maneno yanayofaa. Sasa, mbele ya betri nne, aliandika: *Mtoto ana kilo ngapi?* Akatuma. Papo hapo alitamani aumeze ule ujumbe. Wiki tatu za kimya, halafu swali la mnunuzi wa kuku!

Simu ililia. *19. Za nini?*

Akaiweka mfukoni. Haraka akaongeza betri moja na jeki, akatia nyingine mbili kwenye buti kuwa mizigo, kisha akavuta mikanda ya kiti cha nyuma na kuzifunga zote barabara.

"Mikanda ya nini tena?"

"Zisianguke."

Motomoto alitazama kwenye kioo cha ndani. Betri nne kubwa, pembeni yake moja na jeki, zimefungwa mikanda, zimetulia zikingoja kupelekwa popote atakapozipeleka. Alimkumbuka mkewe akisema punguza, akakumbuka pia kwamba yeye mwenyewe hakugeuka wala hakutazama kioo hiki. Hamu ya kuwaona ilimshika hadi mbavu zikamuuma.

"Hapo hapo," alisema Haraka, anakaza boliti. "Umetulia vizuri. Kaa hivyo hivyo."

Alipomaliza alishusha betri zote, akakata ufito kwa kimo cha ule mstari wa chaki hadi sakafuni, akampa. "Ukiwa na shaka, usimamishe ukutani, gari liwe hatua tano. Mwanga unatakiwa ukomee kwenye ncha ya ufito. Sasa hivi ukienda mtupu, utaona hatua chache tu mbele yako."

"Nikikutana na ukungu nifanyeje?"

"Uende taratibu. Hilo halifungwi kwa waya."

Ukungu alikutana nao katikati ya mlima. Akawasha taa zake mpya, na kweli zikamulika kipande cha lami kisichozidi mkeka, pale mbele ya bampa. Motomoto alipiga kelele peke yake ndani ya gari. Alitazama saa. Alikanyaga mafuta kidogo, shimo likatokea ghafla, akakanyaga breki. Akajaribu tena, jiwe. Basi ikabidi aende kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Magari yalimpita yakimpigia honi, yeye aliyezoea kuwapigia wengine. Jasho lilimtoka. Mguu ulitaka kukanyaga na macho yalikataa, na kwa saa nzima vitu hivyo viwili viligombana ndani ya mwili wake.

Ndipo, kwenye kona moja, mwanga wake mfupi ukaangukia kingo iliyopakwa chokaa. Juu ya chokaa palikuwa na alama nyeusi ya tairi.

Alisimamisha gari, akawasha taa za tahadhari, akashuka. Aliipapasa ile alama. Ilikuwa ya tairi lake, tena la nyuma, upande aliokuwa amekaa mtoto. Ng'ambo ya kingo hapakuwa na kichaka wala mti, ni weupe mtupu, na mbali sana chini sauti ya maji. Alikaa chini. Wiki tatu alikuwa amewaambia wenzake wa mikate, majirani na nafsi yake kwamba ni ukungu. Ukungu haukuwa na tairi.

"Ni mimi," alisema kwa sauti, na hapakuwa na wa kumpinga.

Alifika ukweni saa kumi na moja na nusu, ukungu umeshateremka hadi uani. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeondoka lini huko, jana?"

Kabla hajajibu, mtoto alichomoka ndani akamrukia. Motomoto alimdaka, akambeba, akabaki amembeba. Kilo kumi na tisa. Zilijaa mikono yote miwili, na hakutaka kuziweka chini.

Mkewe alitokea kibarazani, mikono kifuani. "Kilo za mtoto zilikuwa za nini?"

Njia nzima alikuwa amejipangia maneno, yote yakamkauka mdomoni. Akaeleza ovyo ovyo: taa, fundi, betri, mikanda, kwenda na kurudi. Akasimama katikati ya sentensi, akaanza upya.

"Haukuwa ukungu," alisema. "Uliniambia nipunguze mara mbili, nikakusikia, nikakanyaga. Nimeiona alama ya tairi leo. Nusura niwaue. Nisamehe."

Mkewe alilizunguka gari polepole, akainama kutazama taa. "Mbona zimeangalia chini hivi?"

"Zimelengwa nanyi mkiwa ndani."

"Na mimi ulimwambia nina kilo ngapi?"

"Sitini."

"Sitini!" Pua yake ilitoa mlio ambao haukuwa wa hasira. "Sitini nilikuwa nazo siku ya harusi."

Alifungua mlango wa nyuma akaketi, mtoto akamfuata mbio na kufunga mkanda. "Nimekaa tu," mke alisema. "Sijasema naenda. Nataka kuona kama huyo fundi wako anasema kweli."

Motomoto alisimamisha ufito kwenye ukuta wa kibaraza, akaliweka gari hatua tano, akabonyeza swichi. Wote watatu walitazama mbele. Mwanga wa manjano ulikaa ukutani, mkali, umenyooka, vidole vitatu chini ya ncha ya ufito. Motomoto alingoja. Mguu wake ulikuwa umetulia.

"Bado haujafika," mkewe alisema.

"Bado."

"Kimepungua nini?"

"Mizigo," alijibu, akitazama mbele. "Alihesabu na mizigo, kwenye buti."

Kimya kilikuwa kirefu, na Motomoto, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakukikatiza. Kisha akasikia mkanda wa mtoto ukifunguliwa nyuma yake.

"Nenda ukalete begi langu," mkewe alimwambia mtoto. "Na lako la shule."