Mzigo wa Kwanza wa Kuni

Ferista ndiye aliyeyasema maneno yale. Aliyasema kwa sauti, mbele ya mashine ya kusaga pale Hasamba, siku foleni ya ndoo za mahindi ilipofika mpaka barabarani. Alisema uchaguzi huu, mtu atakayekipa kura chama kilichopeleka watoto wa watu kufa Kongo, siku akifiwa asiite mtu. Ajichotee maji, ajikatie kuni, na maiti wake amwoshe mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Ulimi hauna mfupa, na wa Ferista ulikuwa haujui hata kupumzika.

Akina mama walimsikiliza kwa sababu ya Ezron. Mwanawe huyo aliingia jeshini akitokea kwenye kwaya ya kanisa, akapelekwa Kongo kulinda amani, na mwaka 2013 akarudi ndani ya sanduku. Tangu hapo redio ikitamka neno amani, Ferista aliinuka akaizima, hata kama ni redio ya watu. Tena walimsikiliza kwa kuwa ndiye mkubwa wao wa misibani. Yeye akisema maji, maji yanakuja. Akisema ugali umetosha, mwiko unawekwa chini.

Vita ile kijijini haikuwa na wapenzi wengi, na hao wachache kila mmoja alikuwa na lake. Restuta, aliyekuwa akipeleka maparachichi Tunduma, alisema palepale kwenye foleni kwamba yeye anaitaka serikali iliyopo na vita yake, maana Kongo ikichafuka malori yanalala mpakani, na dereva asiye na safari hanunui kitu. Ferista akamuuliza kama basi Ezron alikufa kwa ajili ya maparachichi. Foleni ikacheka, kicheko kibaya, na Restuta akajitwisha ndoo yake ya mahindi akaondoka bila kusaga.

Aliyeyaitikia maneno ya Ferista kwa "Amina" alikuwa Marta. Ezron alikuwa ameshampelekea posa, na nguo ya harusi ilikuwa imeshapimwa. Sasa alikuwa amekonda, anavaa khanga ileile, na akizungumza hatazami mtu usoni. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuyapeleka maneno ya Ferista, na mpaka jioni yakawa sheria.

Nyumbani kwa Ferista mwenyewe sheria ile haikupokelewa. Mika, mumewe, alikuwa mtu wa chama kilichoshika nchi na hakuficha. Walishagombana hata wakachoka, wakawa wanakula kila mmoja kwa wakati wake. Ferista alimwambia kwamba anawapigia makofi wauaji wa mtoto wake. Mika akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, hao wakianguka, watakuja wengine watakaosema Kongo hatukuwa na shughuli nayo. Mimi nikishasikia hivyo redioni, nitasema mwanangu alikufa akifanya nini?"

Ferista alimjibu kwamba alikufa bure, na mtu mzima anajifunza kulala na jambo hilo. Mika akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Lakini chuki ya Ferista yote, ile iliyoiva, ilikuwa ya jirani yake Anyosisye. Nyumba zao zilitenganishwa na mstari mmoja wa mibuni. Anyosisye alikuwa balozi wa shina, yaani kiongozi wa nyumba kumi wa chama hichohicho, na mwaka ule vijana walipotakiwa jeshini, alipita kila mlango akihubiri heshima ya sare. Mwanawe yeye alibaki Tunduma, anabadilisha kwacha, fedha za Zambia, mpakani, amenawiri. Na siku ya kumzika Ezron, Balozi alisimama kando ya kaburi na koti lake jeusi akamwambia Ferista mbele ya maofisa na kijiji kizima: "Mama, futa machozi. Shujaa haliliwi." Ferista akayafuta. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliyafuta. Tangu siku ile hakumwitikia Balozi salamu.

Yunisi, mke wa Balozi, alikuwa jambo jingine, na Ferista hakupenda kumfikiria. Kwa desturi yao, nyumba iliyofiwa haiwashi moto kwa kuni zake. Mzigo wa kwanza hutoka kwa jirani wa karibu, mwanamke, anaubeba kichwani mwenyewe, na kabla haujatuliwa hakuna sufuria inayoinjikwa wala maji ya kuoshea maiti yanayochemshwa. Alipokufa Ezron, mzigo huo aliuleta Yunisi. Na Yunisi akifiwa, au akifa, wa kuubeba alikuwa Ferista. Kila mtu alilijua hilo, na siku ile mashineni hakuna aliyelitaja.

Jumapili ya uchaguzi, Oktoba 2015, Yunisi alikuja shuleni kupiga kura kwenye bodaboda, mshikaki, amebanwa katikati ya dereva na mumewe. Moyo ulikuwa unamsumbua na miguu imevimba hata viatu havikuingia, akavaa ndala za mumewe. Wasimamizi walimpitisha mbele kama mgonjwa. Alipotoka, badala ya kwenda kwenye pikipiki, alifuata foleni polepole akishika ukuta mpaka akamfikia Ferista.

"Mama Ezron, umeamkaje?"

Ferista alitazama mlingoti wa bendera. Alihisi macho ya Marta nyuma yake. Yunisi akangoja kidogo, kisha akainua mkono wa kushoto akamwonyesha kidole kidogo, cheusi kwa wino mpaka kwenye kucha, akatabasamu. Ferista akaona anasimangwa. Alipoingia chumba cha kupigia kura aliitia alama karatasi yake kwa nguvu hata kalamu ikatoboa.

Jumatatu asubuhi matokeo ya diwani yalikuwa yamebandikwa mlangoni mwa shule. Upinzani ulikuwa umeichukua kata. Vijana walipita na matawi ya miti wakiimba, na walipofika nyumbani kwa Balozi wakaongeza sauti makusudi. Ferista alikuwa uani anacheka peke yake. Ndipo kilio kilipotoka ng'ambo ya mibuni, sauti ya mwanamume, na vijana wakanyamaza mmoja mmoja. Yunisi alikuwa amekufa.

Akina mama walitoka majumbani mwao wakasimama njiani, mikono kifuani, na hakuna aliyesogea. Walikuwa wanaitazama nyumba ya Ferista. Binti za Yunisi walikuwa wameshaingia ndani kwa marehemu, lakini mtoto hamwoshi mama yake, na ndugu wengine walikuwa Ileje, hawangefika kabla ya jua kuzama. Jua la Oktoba lilikuwa linapanda.

Mika alichukua jembe na sururu nyuma ya mlango. Ferista akamuuliza anakwenda wapi, kana kwamba hajui. Mika alisema kaburi la Ezron lilikuwa na mwamba, na Anyosisye aliupasua kwa mikono yake mpaka viganja vikatoka damu, na yeye Mika alikuwepo akaona. Kuhusu kura, alisema, Ferista abaki nazo. Akaondoka, na wazee wachache wakamfuata. Vijana wa matawi walibaki wamekaa juu ya ukuta wa kanisa.

Baadaye Balozi alikuja. Hakuvuka mstari wa mibuni. Alisimama upande wake, kichwa wazi, shati limefungwa vibaya vifungo.

"Mama Ezron, sikuja kwa ajili yangu."

Ferista aliendelea kupepeta maharage. Hakumkaribisha. Alimwambia kuni anazo, zimejaa jikoni, na atazileta kwa sharti moja: aende pale njiani, mbele ya akina mama wale, aseme kwamba alimdanganya Ezron, na vita ile ilikuwa ya bure, na mwanawe mwenyewe alimficha Tunduma.

Balozi alifikiri. Hilo Ferista hakulitegemea. Alitegemea ama atakubali haraka ama atakasirika.

"La mwanangu nitalisema," alisema. "Nilimficha. Niliogopa. Lakini kwamba ilikuwa ya bure, siwezi. Watu wa kule walikuwa wanachinjwa, na mwanao alisimama mbele yao. Naamini hivyo mpaka leo. Nikikudanganya kwa ajili ya kuni, Yunisi hatanisamehe."

"Basi nenda."

"Amelala pale bila moto, Mama Ezron."

"Nimesema nenda."

Akaenda. Ferista akapepeta maharage ambayo yalikuwa yameshakuwa safi. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa haimpi raha iliyompa jana. Aliingia jikoni. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani, kavu, za mkaratusi, kama za mtu anayesubiri jambo.

Kuna kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata Mika. Sanduku la Ezron lilipofika, maofisa walikataza lisifunguliwe. Ferista alipiga magoti akaomba amwone, amwoshe tu uso, wakakataa kwa upole, na upole ule ukamwumiza zaidi. Usiku alipoingia chumbani alimkuta Yunisi amepiga magoti pembeni ya sanduku na beseni la maji ya moto na kitambaa cheupe. Alikuwa analiosha. Aliosha kifuniko, akaosha pembe, akasuuza kitambaa, akarudia, taratibu, kama anavyooshwa mtu, akianzia kichwani kwenda miguuni. Hakusema neno la ushujaa wala la mapenzi ya Mungu. Alimwona Ferista amesimama mlangoni, akasogea kumpisha nafasi, akampa kitambaa.

Ferista alikaa juu ya kinu akalia kwa kelele, bila haya, akijua wale wa njiani wanasikia. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akasokota kata ya kichwani, akafunga kuni kwa kamba ya mgomba, akajitwisha.

Marta alimzuia njiani. Alisimama katikati kabisa, na akina mama wengine nyuma yake.

"Hayo ni maneno yako mwenyewe, mama. Ulituambia asiyejua uchungu wa Kongo ajizike. Mimi nimeyatembeza kijiji kizima."

"Niliyasema mimi. Na kuni hizi ni zangu."

"Alikipigia kile chama. Si ulimwona amekuonyesha kidole?"

"Nilikiona kidole, mwanangu. Kura yake sikuiona."

Marta alisema mke wa Balozi atampigia nani tena. Alisema Ezron alimwahidi nyumba ya bati, na leo mama yake anawabebea kuni waliomuua. Maneno yale yalimwingia Ferista mpaka ndani. Lakini mzigo ulikuwa mzito na shingo yake si ya usichana, akamwambia Marta apite pembeni au amsaidie kutua. Marta hakufanya lolote kati ya hayo. Ikabidi Ferista amzunguke kupitia kwenye mahindi makavu ya msimu uliopita, na nyuma yake akasikia mtu ametema mate. Hakugeuka kuona ni nani.

Alizitua kuni uani kwa Balozi, akawasha moto. Wa kwanza kuja na ndoo ya maji alikuwa Restuta wa maparachichi, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mashine, na hata hapo hawakusemezana. Kisha wakaja wengine wawili watatu, wakiangalia chini. Wengi walibaki njiani na Marta.

Walimwosha Yunisi juu ya mkeka. Ferista alianzia kichwani kwenda miguuni. Walipofika mkono wa kushoto, wino ulikuwa pale, umeingia mpaka kwenye nyama ya kucha. Restuta akasugua kwa sabuni, akasugua kwa jivu, wino ukakaa palepale. Mama mmoja aliuliza kwa kunong'ona, hivi kweli alimpigia nani huyu, na mwingine akasema aliwahi kumsikia akimlaani anayepeleka watoto vitani, na Restuta akasema si kweli, Yunisi alikuwa mtu wa mumewe. Wakaanza kubishana juu ya maiti, sauti zikipanda. Ferista aliuchukua mkono ule kutoka kwa Restuta akauingiza kwenye beseni. Ndani ya maji kidole cha Yunisi kikalala kando ya chake, vyote vyeusi, na mtu asiyewajua asingeweza kuvitofautisha. Aliwaambia wanyamaze au watoke, wakanyamaza.

Mazishi yalichelewa mpaka jioni kwa uhaba wa wachimbaji. Watu waliporudi kutoka kaburini, Balozi alimfuata Ferista pale motoni. Macho yake yalikuwa makavu. Siku nzima alikuwa amesimama wima na koti lake jeusi, akipokea mikono ya watu, akiwaambia ahsanteni, tumepokea, kazi ya Mungu haina makosa. Alianza kumshukuru.

"Usinishukuru," Ferista alisema. "Nakuchukia kama jana. Kesho pia."

Balozi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitegemea. Akageuka kuondoka, mgongo umenyooka.

"Balozi."

Akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili Ferista kumwita.

"Shujaa haliliwi, ulisema wewe. Mkeo hakuwa shujaa. Alikuwa mtu tu. Kaa hapo ulie."

Balozi alisimama pale akimtazama. Kisha akakaa chini kwenye majivu na koti lake zuri, akalia kwa sauti kubwa mpaka vijana kule ukutani kwa kanisa wakashuka wakaondoka. Ferista hakumgusa, wala hakumwambia anyamaze. Aliusukuma ukuni mmoja ndani zaidi ili moto usizimike, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ya wageni wa Ileje.