Waliozidi Kwenye Hesabu

Mwalimu alipofariki, mjane wake alimwita mwanafunzi wake wa mwisho aje kumalizia kitabu alichokiacha. Marehemu alikuwa akimwita binti huyo Mkaidi, kwa kuwa alikuwa haambiliki mpaka aonyeshwe hesabu.

Kitabu kilihusu misimbo, yaani orodha za maneno ya namba. Kila orodha ina mwenza wake: maneno yote ambayo, ukiyazidisha na yale ya kwanza, yanatoa sifuri. Mwalimu alidai kwamba mwenza wa mwenza ni orodha ileile uliyoanza nayo. Lakini namba zake hazikukubali kupinduliwa. Kuzidisha kutoka kushoto kulikuwa jambo moja, kutoka kulia jingine.

Mchana mmoja Mkaidi alijaribu mfano mdogo. Akatafuta mwenza kwa kuzidisha kulia, kisha mwenza wa mwenza kwa kuzidisha kushoto, kama inavyotakiwa. Orodha ya maneno mawili ikarudi na manne. Akarudia mara tatu. Yale mawili ya ziada yalikuwepo tu, yametulia kama wageni wasioalikwa.

Chumba cha pili mtu akakohoa.

Mwalimu alikuwa akikohoa hivyo kila alipokosolewa. Alifungua mlango: hapana mtu.

Akamkimbilia mjane, aliyekuwa akipiga pasi.

"Mama, umesikia?"

"Nasikia tangu tumzike. Umeona nini humo kitabuni?"

"Dai lake kuu si kweli, Mama. Si kwa kila mfumo wa namba."

Mama akasimamisha pasi. "Alijua. Siku za mwisho alikuwa akiniambia, 'Kuna waliozidi kwenye hesabu yangu.' Nikadhani ni homa."

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie wewe, Mkaidi? Angekufa kwa aibu kabla ya ugonjwa."

Wakacheka, na kule chumbani mtu naye akacheka.

Mkaidi alirudi mezani. Aliandika sharti lililokosekana, akaeleza ni mifumo ipi inayorudisha orodha bila nyongeza, akaongeza kwamba Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeliona kosa kwanza.

Alipomsomea mjane, mama wa watu alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kamsomee na yeye," akasema.

Mkaidi akaingia chumba kile, akasoma kwa sauti hadi nukta ya mwisho. "Ni hayo tu, Mwalimu." Hakuthubutu kumpa mgongo, akatoka kinyumenyume.